Ushuru wa nyumba unakatwa: nani anapata nyumba Nakuru, Kisumu na magharibi?

Mfanyakazi wa duka la jumla mjini Nakuru anayelipwa shilingi 24,000 hukatwa 360 kila mwezi kwa ajili ya ushuru wa nyumba, na mwajiri wake hutoa 360 nyingine. Kwa mwaka ni shilingi 8,640 zilizolipwa kwa kazi ya mtu mmoja. Ndiyo maana swali la kwanza la wengi ni hili: yangu iko wapi? Jibu linauma, lakini ni heri lijulikane mapema. Ushuru huu si akiba. Hauandiki jina lako kwenye mlango wowote, haurudishwi ukistaafu, na kuulipa miaka kumi hakukupi nafasi ya mbele kwenye foleni.

Upande wa pili wa ukweli huo huo hausemwi sana: mama mboga wa mtaa wa Manyatta, Kisumu, ambaye hajawahi kushika hati ya mshahara ana haki ya kuomba nyumba sawa na mwalimu anayekatwa kila mwezi. Kukatwa ni jambo moja, kupata ni lingine. Kinachoamua kupata ni mapato yako, maombi yako na karatasi zako. Mwongozo huu unafuata mambo hayo hatua kwa hatua, kisha unaonyesha namna ya kuuliza, kwa njia inayotambuliwa na sheria, ni nani hasa waliopata katika mji wako.

Kwanza, jua ni fedha gani unazozungumzia

Kosa linalopotezea watu muda kuliko yote ni kuchanganya mafungu. Mtu huenda kwa chifu kuuliza habari za nyumba iliyojengwa na mfuko wa pensheni, au huenda ofisi ya kaunti kulalamikia akaunti ya Boma Yangu, mfumo wa serikali ya kitaifa wa kuomba nyumba za bei nafuu. Kila fungu lina mwenyewe.

Fungu kubwa ni Mfuko wa Nyumba za Bei Nafuu, ulioundwa na Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya mwaka 2024 iliyotiwa saini tarehe 19 Machi mwaka huo. Mfuko huu ndio unaopokea ule ushuru wa asilimia 1.5 kutoka kwa mfanyakazi na asilimia 1.5 kutoka kwa mwajiri. Ushuru wa kwanza, wa Sheria ya Fedha ya 2023, ulikuwa umekataliwa na Mahakama Kuu mwezi Novemba 2023, na mojawapo ya sababu ni kwamba uliwabana walioajiriwa peke yao. Sheria mpya ikawaingiza pia wenye mapato yasiyotokana na ajira, kwa asilimia hiyo hiyo 1.5 ya mapato ghafi. Mfuko uko chini ya bodi ya kitaifa, na ndio unaojenga nyumba zinazoombwa kupitia Boma Yangu. Mjini Homa Bay, kwa mfano, nyumba za mpango huu zilikabidhiwa mwaka 2025. Sheria inaruhusu pia fedha hizo zijenge nyumba za taasisi na miundombinu inayoambatana na nyumba, kwa hiyo usishangae ukisikia si kila shilingi imekuwa chumba cha kulala.

Fungu la pili ni miradi ya ubia, ambapo kaunti hutoa ardhi na mtu mwingine huleta fedha. Bondeni, Nakuru, yenye nyumba 605, ilijengwa kwa ushirikiano wa serikali ya kitaifa, kaunti na mjenzi binafsi. Makasembo, Kisumu, kaunti ilishirikiana na LAPFUND, mfuko wa akiba ya uzeeni ulioanzishwa kwa ajili ya wafanyakazi wa serikali za mitaa. Hapa kuna jambo la kuliweka akilini: fedha za pensheni ni za wanachama, na lazima zirudi na faida. Nyumba hizo ni nafuu kuliko za soko pengine, lakini si msaada. Masharti yake ya bei na malipo yako kwenye mkataba wa mradi, na hapo ndipo pa kuuliza.

Fungu la tatu ni la kuboresha mitaa ya mabanda. Mradi wa KISIP, unaofadhiliwa na Benki ya Dunia, umefanya kazi katika miji kadhaa ikiwemo Kisumu na Nakuru. Hautoi nyumba. Unatoa barabara, mitaro, taa, maji, na kupima ploti ili wakaazi wapate hati za umiliki. Anayenufaika zaidi na hati ni mwenye banda, si mpangaji. Mpangaji wa Obunga au Kaptembwo hupata mtaro na taa, na mara nyingi hupata pia kodi iliyopanda baada ya barabara kuwekwa lami. Ni vizuri kulijua hilo kabla ya kupiga kura kwenye mkutano wa mtaa.

La nne ni misaada ya kaunti kwa familia maskini vijijini. Kakamega imekuwa na mpango wa kuboresha makazi, ambapo kaunti huwajengea nyumba watu wasiojiweza kwenye mashamba yao wenyewe. Tutaurudia baadaye, kwa sababu kwa watu wa magharibi ndio mlango ulio karibu zaidi na maisha yao.

Tano, kuna fedha zako mwenyewe ambazo serikali imekuruhusu kuzigusa. Kanuni za mafao ya kustaafu za mwaka 2020 zinamruhusu mwanachama wa mfuko wa pensheni kutumia hadi asilimia 40 ya mafao aliyokusanya kununua nyumba ya kuishi, mradi kiasi hicho kisizidi shilingi milioni 7. Anaweza pia kuweka hadi asilimia 60 ya mafao kuwa dhamana ya mkopo wa nyumba. Wafanyakazi wengi wa viwanda vya sukari na mashamba ya maua ya Naivasha wana fedha za namna hii na hawajawahi kuuliza. Waulize wasimamizi wa mfuko wako, wala si mwajiri pekee.

Pili, pima mapato yako kwa mizani ya sheria

Sheria ya 2024 inagawa nyumba kulingana na mapato ya mwezi. Nyumba za kijamii ni za mtu anayepata chini ya shilingi 20,000. Nyumba za bei nafuu ni za anayepata kati ya 20,000 na 149,000. Anayezidi 149,000 anawekewa kundi la nyumba za tabaka la kati. Kuna pia nyumba za bei nafuu za mashambani, yaani zilizo katika eneo lolote lisilo la mji.

Tazama upana wa kundi la katikati. Askari wa lindo anayepata 21,000 yuko kundi moja na meneja wa benki anayepata 140,000. Kisheria ni wenzake. Mfukoni hawakutani kabisa. Kwa hiyo ukiwa karibu na mpaka wa 20,000, piga hesabu kwa uangalifu na kwa ukweli. Kwa wa bodaboda, jumlisha miezi sita, toa mafuta, matengenezo na hesabu ya mwenye pikipiki, kisha gawanya kwa sita. Wengi hutaja pesa zote zilizoshikwa mkononi, wakajikuta kwenye kundi la nyumba ambazo hawawezi kuzilipia.

Kosa la upande wa pili ni la wale wanaopeleka KRA ripoti ya mapato sufuri kila Juni, kisha wanaandika kwenye maombi ya nyumba kwamba wanapata 35,000. Karatasi mbili zinapopingana, inayokuumiza ni ile unayoitegemea. Rekebisha ripoti yako kabla ya kuomba.

Tatu, andaa karatasi kabla ya kufungua akaunti

Unahitaji kitambulisho cha taifa, PIN ya KRA, namba ya simu iliyosajiliwa kwa jina lako, na akaunti ya eCitizen. Boma Yangu inapatikana kwenye tovuti yake, na kwa simu ya kawaida piga *832#. Kama simu au mtandao unakusumbua, nenda Huduma Centre. Nakuru, Kisumu, Kakamega, Bungoma, Busia na Homa Bay zote zipo.

Majina ndiyo yanayokwamisha. Kitambulisho kinasema Atieno, PIN inasema Achieng, laini ya simu ni ya kaka. Mfumo haujui kwamba ni mtu mmoja. Linganisha herufi kwa herufi, hata mpangilio wa majina. PIN hurekebishwa kupitia iTax, laini ya simu kwenye duka la kampuni, kitambulisho kwa ofisi ya usajili, na hicho cha mwisho ndicho kinachochukua muda mrefu. Anza nacho.

Kwa asiye na hati ya mshahara, kusanya ushahidi wa mapato mapema: taarifa ya M-Pesa ya miezi sita (piga *334#, ingia sehemu ya akaunti yako, uombe taarifa itumwe kwa barua pepe), kitabu cha sako, rekodi za chama zilizotiwa saini na mweka hazina, leseni ya biashara ya kaunti. Kimoja peke yake ni dhaifu. Vitatu vinavyosema jambo moja vina nguvu.

Mwenye ulemavu ahakikishe usajili wake na baraza la kitaifa la watu wenye ulemavu uko sawa na kadi anayo. Sheria inataka makundi yaliyotengwa, wanawake, vijana na wenye ulemavu wazingatiwe kwenye ugawaji, lakini hakuna atakayekuzingatia kwa jambo ambalo halijaandikwa kwenye faili yako. Ukihitaji nyumba ya chini kwa sababu ya kiti cha magurudumu, andika hivyo tangu mwanzo.

Nne, weka akiba na upige hesabu yote

Kujisajili si kuomba, na kuomba si kupewa. Watu wengi wana namba ya usajili ya miaka kadhaa na akiba ya sufuri, nao wanashangaa kwa nini hawaitwi. Akaunti ya Boma Yangu ina sehemu ya akiba ya hiari. Hii ndiyo yako, tofauti kabisa na ule ushuru, na ndiyo inayokuwa malipo ya awali nyumba ikipatikana. Kwa kupanga, chukua asilimia 10 ya bei kuwa kipimo, kisha hakikisha kiwango halisi kwenye barua ya toleo, ile unayopewa ukichaguliwa.

Hesabu ya mfano: nyumba ya shilingi 1,500,000. Malipo ya awali 150,000. Ukiweka 2,500 kwa mwezi utafika baada ya miaka mitano; ukiweka 4,200, miaka mitatu. Inabaki 1,350,000. Kwa miaka 30, riba ya asilimia 3 kwa mwaka inakupa malipo ya karibu 5,700 kwa mwezi. Asilimia 6, karibu 8,100. Asilimia 9, karibu 10,900. Unaona jinsi riba inavyobeba uzito kuliko bei yenyewe. Usikubali kuambiwa bei tu. Uliza riba, uliza kama inahesabiwa kwenye deni linalopungua, uliza miaka.

Muda nao una gharama yake. Kwa riba ya asilimia 9, miaka 30 itakufanya ulipe jumla ya karibu shilingi milioni 3.9 kwa lile deni la milioni 1.35. Kwa miaka 15 malipo ya mwezi ni karibu 13,700, lakini jumla inashuka hadi karibu milioni 2.46. Shilingi 2,800 zaidi kila mwezi zinakuokolea zaidi ya milioni 1.4. Asiyeweza leo na achukue miaka 30, ila aulize kama anaruhusiwa kulipa zaidi mapato yakipanda bila kutozwa faini.

Ongeza gharama za jengo: mlinzi, taka, taa za ngazi, pampu ya maji, lifti kama ipo. Hizi hazimo kwenye malipo ya nyumba na haziishi hata deni likiisha. Ushauri wetu ni kwamba malipo ya nyumba pamoja na gharama hizi yasizidi theluthi moja ya mapato yako. Anayepata 28,000 asivuke 9,300. Kwa mwenye mshahara kuna kizuizi kingine: sheria ya ajira inataka abaki na angalau theluthi moja ya mshahara baada ya makato yote. Mwenye mikopo miwili ya sako huenda asipate nafasi ya kukatwa malipo ya nyumba hata kama amepewa. Maliza mmoja kwanza.

Tano, soma barua ya toleo kama unavyosoma hati ya shamba

Ukichaguliwa, utapewa muda wa kujibu. Usiupoteze, lakini usitie saini kwa furaha tu. Tazama ukubwa wa nyumba kwa mita za mraba, ghorofa, bei, riba, miaka, tarehe ya kuanza kulipa, na kinachotokea ukikosa miezi miwili au mitatu. Tazama jina au majina yatakayoandikwa. Mume na mke waamue hili nyumbani kabla ya siku ya saini.

Mambo mawili ya sheria huwashtua watu. Mtu mmoja hupewa nyumba moja ya bei nafuu tu. Na huwezi kuiuza wala kukubaliana kuiuza bila idhini ya maandishi ya bodi. Kwa hiyo anayekuambia "nina nafasi yangu Bondeni, nipe laki moja nikuachie" anakuuzia kitu asichoweza kukuuzia, na ukilipa hutakuwa na mahali pa kudai. Vivyo hivyo kwa mabroka wanaozunguka na fomu za "kuharakisha". Usajili hauhitaji broka. Malipo ya nyumba hupitia akaunti yako ndani ya mfumo. Hayapitii namba ya simu ya mtu.

Kama unaishi kwenye nyumba ya kaunti

Wakaazi wa mitaa ya zamani kama Kaloleni, Flamingo na Kivumbini mjini Nakuru, au Arina na Ondiek mjini Kisumu, wako mahali pa pekee. Ardhi iliyo chini yao ndiyo inayotafutwa kwa miradi mipya, kwa sababu iko karibu na mji na tayari ni ya umma. Mradi ukifika, orodha ya wakaazi huandikwa, na siku hiyo ya kuandikwa ndiyo inayoamua mengi.

Tatizo kubwa ni kwamba nyumba nyingi bado ziko kwa jina la baba aliyefariki au la mpangaji wa kwanza aliyehamia kijijini miaka mingi iliyopita. Anayelala ndani si anayetambuliwa. Nenda ofisi ya nyumba ya kaunti sasa, kabla ya mradi wowote kutangazwa, ukiwa na cheti cha kifo, kitambulisho, risiti za kodi na barua ya chifu, uombe jina libadilishwe. Lipa malimbikizo ya kodi au uandikishe makubaliano ya kuyalipa, maana deni ni sababu rahisi ya kukuruka.

Mradi ukitangazwa, dai majibu haya manne kwa maandishi, wala si kwa mdomo kwenye baraza: tutahamia wapi na nani atalipa kodi ya huko, kwa muda gani? Je, tuna haki ya kuchagua nyumba kabla ya wengine? Tutarudi kama wapangaji au wanunuzi? Na kwa bei gani? Swali la mwisho ndilo linaloachwa wazi mara nyingi, na ndilo linalowafungia watu nje. Mtu aliyekuwa akilipa kaunti kodi ndogo ya zamani hawezi kurudi kwa malipo ya elfu kumi, hata akiahidiwa kupewa kipaumbele mara saba. Kwa wanaoishi kwenye ardhi ya umma bila hati, Sheria ya Ardhi inataka notisi ya maandishi ya angalau miezi mitatu kabla ya kuondolewa.

Kama shida yako ni nyumba ya nyumbani

Watu wengi wa Kakamega, Vihiga, Siaya na Bungoma hawatafuti ghorofa mjini. Wana shamba, na nyumba iliyo juu yake inavuja au imeanguka upande mmoja. Kwao, mpango wa kaunti wa kuboresha makazi una maana zaidi kuliko Boma Yangu.

Hapa mlango huanzia chini: mzee wa mtaa, msimamizi wa kijiji, kisha msimamizi wa wadi. Nyumba kwa kila wadi ni chache, kwa hiyo mapendekezo hugombaniwa. Picha za nyumba ilivyo, majina ya wanaoishi ndani na umri wao, hali ya ugonjwa au ulemavu, na barua ya chifu vinaipa familia uzito kuliko maneno ya kuhurumiwa. Vipeleke kwa msimamizi wa wadi na ubaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa.

Kinachowaangusha wengi, hasa wajane, ni shamba. Kaunti haitaki kujenga mahali penye ugomvi. Kama ardhi bado ina jina la baba mkwe aliyefariki, na shemeji akisimama kwenye mkutano kusema "huyu hana haki hapa," jina la mjane huondolewa siku hiyo hiyo. Kabla ya kupeleka maombi, pata maandishi ya familia yaliyotiwa saini mbele ya chifu yanayoonyesha sehemu yake, na ikiwezekana anza kesi ya urithi. Barua ya chifu inayowataja warithi wote ndiyo hatua ya kwanza ya kesi hiyo.

Angalia pia kalenda. Mpango wa maendeleo wa mwaka wa kaunti hupelekwa kwenye bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, na bajeti hupitishwa kufikia 30 Juni. Nyumba ambazo hazikuingia kwenye mpango wa Septemba ni vigumu kuziingiza baadaye. Mkutano wa wananchi unaofanyika Julai au Agosti ndio wa kusema "wadi yetu inataka nyumba kumi za wasiojiweza", wala si ule wa Mei wakati fungu limeshagawanywa.

Jinsi ya kuuliza nani amepata

Hapa wananchi wengi hukata tamaa kwa kuuliza vibaya. Wanaomba majina, wanajibiwa kwamba majina ni siri chini ya sheria ya kulinda data ya mwaka 2019, mambo yanaishia hapo. Omba hesabu kwanza. Hesabu hazina siri, na zinasema mengi kuliko majina: nyumba ngapi za kila aina, walioomba wangapi, waliopewa wangapi, wanawake wangapi, wenye ulemavu wangapi, wangapi wa kundi la chini ya 20,000, wangapi wanatoka kaunti hii. Ukipata kwamba mradi wote hauna hata nyumba moja ya kijamii, umejua wasiofikiwa ni nani bila kutaja mtu.

Sheria ya kupata habari ya mwaka 2016 inampa kila raia wa Kenya haki ya kuuliza, kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, na huhitaji kueleza sababu. Barua iwe fupi:

"Kwa afisa wa habari. Mimi, raia wa Kenya mwenye kitambulisho namba …, naomba habari zifuatazo kuhusu mradi wa nyumba wa … : idadi ya nyumba kwa kila aina na bei yake, vigezo vilivyotumika kugawa, idadi ya maombi yaliyopokelewa na yaliyokubaliwa, kwa jinsia, ulemavu, kundi la mapato na kaunti, idadi ya waliokuwa wakaazi wa eneo hilo kabla ya mradi na waliorudi, na tarehe ugawaji ulipofanyika. Naomba nijibiwe kwa barua pepe au kwa anwani iliyo hapo chini."

Iandike tarehe, tia saini, peleka nakala mbili ili moja ipigwe muhuri. Mradi wa Boma Yangu, ielekeze kwa bodi ya nyumba za bei nafuu. Mradi wa kaunti, kwa wizara ya nyumba ya kaunti. Wa ubia, peleka kote kuwili. Peleka nakala pia kwa kamati ya kaunti ya nyumba za bei nafuu za mijini na mashambani, ambayo sheria ya 2024 inataka iwepo katika kila kaunti. Kuuliza ni bure. Unaweza kutozwa gharama ya kunakili tu. Ofisi ikiwa si yenyewe, inapaswa kuhamisha ombi lako ndani ya siku 5. Jibu linatakiwa ndani ya siku 21.

Wakati unangoja, soma ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Serikali kuhusu mfuko na kaunti yako, na ripoti za utekelezaji wa bajeti zinazotolewa na Msimamizi wa Bajeti kila robo mwaka. Tafuta mstari wa nyumba: kiasi kilichopangwa, kiasi kilichotumika. Fungu lililopangwa milioni kadhaa na kutumika sufuri linaeleza kwa nini wadi yako haijaona hata msingi.

Na kwa mfanyakazi mwenye shaka kama makato yake yanafika: mwajiri anatakiwa kuyapeleka KRA ndani ya siku 9 za kazi baada ya mwezi kwisha, na akichelewa hutozwa asilimia 3 ya deni kwa kila mwezi. Linganisha hati zako za mshahara na fomu ya P9, yaani muhtasari wa mshahara na makato ya mwaka, unayopewa na mwajiri mwanzoni mwa mwaka. Zikitofautiana, peleka malalamiko KRA ukiwa na hati zote mbili.

Siku 21 zikipita bila jibu, au ukijibiwa kwamba habari haziwezi kutolewa, peleka shauri kwa Ombudsman, anayesikiliza malalamiko dhidi ya ofisi za umma, ambaye ana ofisi mjini Kisumu inayohudumia watu wa magharibi. Uwasilishe ndani ya siku 30 tangu ulipojulishwa uamuzi. Chukua nakala yenye muhuri, jibu ulilopewa kama lipo, na karatasi yenye tarehe za kila safari uliyofanya ofisini na cheo cha aliyekuhudumia.